Pride ya Cape Town, na mzinga wa saa sita

Nimetoka Pride ya Cape Town, Afrika Kusini, yale maandamano ya kila mwaka ya mashoga na wasagaji, na swali la kwanza mlilonitumia inboksi, kabla hata sijafungua begi, lilikuwa la viza. Basi tulimalize. Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini tangu Januari 2023. Pasipoti ya kawaida yatosha, unapewa siku 90 kwa mwaka, afisa anagonga muhuri, unapita. Nauli ndiyo mtihani. Treni hadi Nairobi, ndege hadi Johannesburg, ndege nyingine hadi Cape Town, na akiba ya msimu mzima wa harusi ikayeyuka. Anayetaka hesabu kamili aje pembeni. Hapa sitaki mama asome.

Nyumbani nilisema naenda kujifunza mambo mapya ya vipodozi. Si uongo, mtaona.

Kwa msionijua: mimi ni mpambaji wa maharusi, Mombasa. Nachora piko na hina, nasuka, naremba uso. Akina mama hunifungulia vyumba vya ndani ambavyo shemeji zao hawaingii, hunilisha, hunipigia simu usiku wa manane kuniuliza kama lesi ya maziwa itaenda na ngozi ya bibi harusi. Wanajua nilivyo. Hakuna anayetamka. Mtaani kwetu utaratibu ndio huo tangu enzi za bibi zetu. Umenilea, umenipa riziki, na siutukani.

Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliposema kwamba shirika la kutetea mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa kama mashirika mengine, mji ulichafuka. Si kwamba mahakama ilihalalisha chochote. Kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu kiko palepale, na kifungo chake ni miaka 14. Ilisema tu watu wana haki ya kuungana. Hata hilo halikumezeka. Mwaka huohuo Mombasa pakawa na maandamano, na kwenye video moja iliyokuwa ikizunguka nikamwona kijana wa mteja wangu, kashika bango, kavimba mishipa ya shingo. Wiki iliyofuata mama yake akanipigia: naja lini kumpamba dada yake? Nikaenda. Nikala na pilau yao. Usiku ule ndipo niliposema lazima siku moja nione mji ambao watu wanaingia barabarani kututetea, hata kama ni kwa mchana mmoja tu.

Amsterdam na huko kwingine niliacha waende wenye subira na ubalozi. Nami nilitaka Afrika. Maandamano ya kwanza ya Pride katika bara hili yalifanyika Johannesburg tarehe 13 Oktoba 1990, Mandela akiwa ametoka kifungoni miezi michache tu. Mmoja wa walioyaongoza ni Simon Nkoli, mweusi, shoga, aliyekuwa amekaa jela na wenzake waliopinga ubaguzi wa rangi, kwenye kesi ya uhaini ya Delmas. Baadhi ya waandamanaji siku ile walivaa mifuko ya karatasi kichwani, wametoboa matundu ya macho, wasijulikane makazini na makwao. Hiyo mifuko naielewa kuliko bendera zote za duniani. Miaka 6 baadaye katiba yao ikaandika wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda, na mwishoni mwa Novemba 2006 ndoa ikaruhusiwa. Cape Town wanafanya Pride yao mwisho wa kiangazi, Februari kuelekea Machi, jua likiwa bado kali.

Sasa, nilikuwa nimeshakata tikiti habari ilipokuja. Tarehe 15 Februari 2025, imamu Muhsin Hendricks alipigwa risasi akafa ndani ya gari karibu na mji wa Gqeberha. Alikuwa mtoto wa Cape Town. Alikuwa amesoma dini Pakistan, akaoa, akazaa, kisha mwaka 1996 akajitangaza kuwa shoga, na baadaye akaendesha msikiti Wynberg, hukohuko Cape Town, ambao haukumfukuza mtu. Sitaingia kwenye fikihi yake. Kuna masheikh wengi hukohuko waliompinga, na kauli zao mnaweza kuzitafuta. Ninachojua ni kwamba kuna miaka ambayo nililala na spika za masikioni namsikiliza, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akisema bismillahi na kusema habari zangu katika pumzi moja.

Rafiki yangu mmoja wa Likoni akaniandikia: "Nchi ina katiba yote hiyo na bado wanaua. Unakwenda kutafuta nini?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa sababu tikiti haikuwa ya kurudishiwa pesa, kama mnataka ukweli.

Nilipanga chumba Bo-Kaap. Wengi mmeiona kwenye picha, zile nyumba za rangi za kupanda mlima. Picha hazisemi kwamba ni mtaa wa Waislamu, watu ambao mababu zao waliletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, watumwa na wafungwa wa kisiasa. Msikiti wa Auwal uko hapo tangu 1794, wa kwanza nchini. Sambusa wanaiita samusa. Jumapili asubuhi wanauza koesister, donge la unga lenye viungo, limekaangwa, likazamishwa kwenye shira, likanyunyiziwa nazi. Nilikula la kwanza nimesimama mlangoni kwa mwenye nyumba, la pili nimeketi. Na chini tu ya kilima hicho, unashuka vichochoro vya mawe, uko De Waterkant, mtaa wa mabaa na mikahawa yenye bendera za upinde wa mvua. Adhana inasikika mpaka kaunta. Mimi nilidhani kuna ukuta kati ya sehemu mbili hizi. Kuna barabara moja ya lami tu.

Asubuhi ya maandamano watu walikusanyika kwenye mitaa ya chini ya hapo. Upepo! Wana upepo wao wa kusini-mashariki, wanauita Daktari kwa sababu ati unafagia magonjwa ya mji. Siku ile ulifagia mawigi. Nikamkuta msanii mmoja wa dragi, mwanamume mwenye mabega ya mpakuzi wa bandarini ndani ya gauni la vimetameta vya kijani, ameegemea gari anamrekebisha mwenzake uso. Nikasimama kuangalia mikono yake. Huwezi kumzuia fundi kuangalia fundi mwenzake. Glita alikuwa haipaki na gundi kama sisi. Alikuwa na kikopo cha jeli ya shubiri: anapaka jeli nyembamba kwenye shavu, anasubiri ishike mpaka inatanata, ndipo anabonyeza glita kwa ncha ya kidole, kutoka nje kuja ndani, hafagii hata mara moja. Halafu spreyi kwa mbali, macho yamefumbwa. Nilimwambia mimi ni wa kazi hii, natoka Mombasa. Akanipa kikopo na shavu la yule mwenzake la upande wa pili. "Onyesha," akasema. Nikaonyesha. Nilipomaliza akanivuta na mimi akanipaka, toka nyusi mpaka kwenye masikio, na ndivyo nilivyoandamana.

Tukiwa bado tumejipanga, ghafla mlio mkubwa: buu! Nilichutama. Wallahi nilichutama chini na mikono kichwani, mimi na wageni wengine wachache, na baada ya habari za wiki mbili zile nadhani mnajua akili yangu ilikwenda wapi. Wenyeji wakapiga ukelele wa furaha. Kumbe juu ya Signal Hill kuna mzinga, unalipuliwa kila siku saa sita mchana isipokuwa Jumapili, kwa zaidi ya karne mbili sasa. Watu wanarekebishia saa. Mama mmoja akaniinua kwa kwapa huku anacheka machozi, akaniambia ni saa sita tu mwanangu, ni saa sita tu.

Huyo mama ndiye nitakayemkumbuka kuliko malori yote ya muziki. Mtu mzima, hijabu ya zambarau, viatu vya mpira, anaburuta sanduku la barafu lenye magurudumu. Anatoka Mitchells Plain. Alikuwa na bango la kadi la kuandika kwa mkono, linasema mwanawe ni wake na hatamwomba mtu radhi. Nikamuuliza mwanawe yuko wapi nimpe salamu.

"Yuko kazini," akasema. "Ana zamu leo. Nimekuja badala yake."

Yaani kijana shoga amekwenda zake kazini, na mama yake ndiye anayeandamana. Tulitembea pamoja barabara ya Somerset mpaka Green Point. Kila tukisimama, anafungua sanduku: sambusa za nyama, maji, soda, machungwa aliyoyakata vipande vinne vinne kama ya wachezaji mpira. Aliwalisha vijana waliovaa mabawa. Alimlisha polisi. Akaniuliza mama yangu anajua niko hapa? Nikamwambia anajua niko Cape Town. Akaguna ile guna ya akina mama, ambayo haina lugha, akanipa chungwa lingine. Nyuma yetu kulikuwa na mapadri wenye kola, wanafunzi wa vyuo, wazee wawili weupe wameshikana mikono wanatembea taratibu, na kampuni kubwa kubwa na malori yao na fulana zao za bure. Kampuni sikuzichukia, fulana nilichukua.

Huko Green Point kwenye sherehe yenyewe sina mengi. Uzio, tiketi, foleni ya vyoo, muziki wa kukata masikio, kinywaji bei ya kilo ya nyama. Weupe wengi, weusi wachache, na weusi wenyewe wanalalamika hilo kila mwaka: kwamba Pride ya mjini ni ya wenye gari na wenye pesa. Ndiyo maana huko vitongojini wana yao, Khumbulani Pride, ambayo huhama kitongoji hadi kitongoji na huwakumbuka waliouawa. Huko Khayelitsha, Februari 2006, msichana wa miaka 19, Zoliswa Nkonyana, alipigwa mpaka kufa na kundi la vijana kwa kuwa msagaji. Kesi ikaburutwa karibu miaka 6 ndipo hukumu ikatoka. Katiba ilikuwa na miaka yake 9 tayari siku alipouawa. Dada mmoja wa Gugulethu niliyekaa naye kivulini, mlango wa uzio, ndiye aliyenipa picha hiyo. Yeye hakuingia ndani, alisema amekuja kutembea, kunywa atakunywa kwao.

Nami sikukaa. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na pale Green Point ukitembea kidogo tu ufukweni unafika Three Anchor Bay, mahali ambapo Waislamu wa Cape Town hutazamia mwezi. Si kamati ya watu watatu na simu, la. Ni familia nzima nzima, mamia na mamia, na mikeka, sufuria za wali wa viungo wanaouita akhni, watoto, mpira, kahawa kwenye chupa. Nikaenda na uso wangu wa glita. Glita haikutoka kwa maji ya bomba, nilijaribu. Nilijiinamia, nikajifunika kofia. Kizee mmoja kwenye kiti cha kukunja akaniita. Nikajua hapa yamenikuta. Akanitazama mashavu, kushoto, kulia, akauliza kwa Kiingereza chake kama natoka "kule chini kwenye ngoma." Nikasema ndiyo. Akasema mwaka huu upepo umewaharibia. Kisha akauliza kama nimekula.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila kizee wa Cape Town yuko hivyo. Meza mbili kutoka pale kulikuwa na mabwana walionitazama kwa jicho ninalolijua vizuri, sikuhitaji tafsiri. Mmoja alisema neno, wenzake wakacheka. Nikala akhni yangu nikiwa nimewapa mgongo.

Siku chache baadaye, nikiwa na swaumu, nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la District Six, mtaa wa Buitenkant, ndani ya lililokuwa kanisa la Wamethodisti. Huko ndiko kulikokuwa na jambo langu. District Six ilikuwa mtaa wa mchanganyiko, Waislamu, Wakristo, Wayahudi, machotara, weusi, mabaharia, mafundi cherehani. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ikautangaza kuwa eneo la weupe. Watu 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa kwa matingatinga. Sakafuni mwa jumba wametandaza ramani kubwa ya mitaa ile, na waliohamishwa wameandika kwa mkono majina yao palipokuwa nyumba zao.

Katika mtaa ule aliishi Kewpie. Msusi. Kwenye karatasi za serikali ni mwanamume. Kwa majirani ni Kewpie, na mwenyewe alijiita binti wa District Six. Alifariki mwaka 2012. Aliacha mamia ya picha, ambazo leo ziko kwenye GALA, hifadhi ya kumbukumbu za watu wetu kule Johannesburg, na jumba hili lilizifanyia maonyesho mwaka 2018. Nilikuwa nazo kwenye simu muda mrefu. Nikakaa sakafuni pembeni ya ramani nikazipitia moja moja. Kewpie na wenzake wamevaa magauni ya dansi. Kewpie saluni, vitana na vikausha nywele. Na zile zinazonimaliza kabisa: wako barabarani mchana kweupe, kope bandia, viatu vya visigino, na nyuma yao majirani, watoto wamejazana wanataka nao watokee kwenye picha.

Sasa kaeni na hilo. Mtaa wa miaka ya 1950 na 1960, hauna katiba ya kumlinda, sheria za makaburu zinamkataza rangi yake na mapenzi yake vyote viwili, na bado msusi anaitwa jina alilojichagulia, na mtu mwenye kamera yupo. Sisi kwetu tuna wasusi, tuna wapambaji, tuna ngoma za ndani ambazo bila sisi hazichezeki. Picha hatuna. Mimi nimepamba maharusi mia na kitu huko, na katika albamu zao zote mimi ni mkono tu, mkono umeshika brashi kwenye pembe ya picha.

Na mtaa wa Kewpie ulivunjwa. Wema wa majirani haukuzuia tingatinga hata moja. Hapo ndipo nilipopata la kumjibu rafiki yangu wa Likoni, nikamwandikia palepale sakafuni mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwandikia kwamba katiba haikumkinga imamu wala Zoliswa, kweli. Lakini sisi tunaishi kwa hisani tupu, na hisani ya Mombasa niliiona ilivyoisha kwa mchana mmoja na bango. Nataka vyote viwili, nikamwambia. Nataka mama mwenye sanduku la machungwa, na nataka karatasi. Akajibu kwa emoji ya kucheka na maneno mawili: "Rudi salama." Ndivyo alivyo.

Kwa wanaopanga kwenda, machache. Chukueni sweta, hata kiangazi. Jua likizama bahari ile ya Atlantiki si ndugu yetu. Kuoga baharini sahauni, maji yanauma mifupa. Usiku msitembee kwa miguu mkiwa na simu mkononi, hata wenyeji hawafanyi, iteni teksi ya programu. Maandamano yenyewe ni bure, sherehe ya ndani ya uzio ndiyo ya kulipia, na kama pesa ni za mawazo, ishieni kwenye maandamano. Msikae Green Point tu. Na mkimwona mama wa hijabu ya zambarau na sanduku la magurudumu, mpeni salamu za yule wa Mombasa aliyechutama.

Mimi nimerudi kazini. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ndio huo umejaa harusi, na kuna bibi harusi mmoja wa Kibokoni aliona shavu langu kwenye simu, nilikuwa nimekata picha isionyeshe kilichokuwa nyuma, akang'ang'ania anataka vilevile usiku wake wa kupambwa. Nikamfanyia. Jeli ya shubiri, ncha ya kidole, kutoka nje kuja ndani. Mama yake amesimama juu ya kichwa changu muda wote, mikono kiunoni.

"Haya umejifunza wapi?"

"Cape Town, mama. Kwenye maandamano."

"Maandamano ya nini?"

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya kawaida, brashi mkononi, bibi harusi kafumba macho na shangazi zake wawili wako kitandani wanakunja kanga. Chumba kilitulia kidogo, mtu akakohoa.

"Na wanapamba vizuri hao?" mama akauliza.

"Kuliko mimi."

"Basi punguza hapo kwenye nyusi," akasema, "asije akaonekana kama taa ya disko."